Karatasi, Figma au programu inayotembea: uanze na ipi kwenye mradi wako wa chuo?

Muhula ukifika katikati, swali hili linarudi kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa kompyuta, wawe wa Njiro, wa Tengeru au wa Moshi: mada imepitishwa, msimamizi kasema "leteni prototaipu", yaani mfano wa mfumo wa kujaribia, sasa tuanze na nini? Wengi hukimbilia Figma, programu ya kuchorea skrini, kwa sababu ndiyo inayoonekana kama kazi. Wachache wanaojiamini na programu hufungua Android Studio, ya kutengenezea apu za Android, siku hiyohiyo. Karatasi haitajwi. Ikitajwa watu wanacheka, eti hiyo ni ya shule ya msingi.

Naziweka hizi tatu ubavu kwa ubavu, pamoja na ya nne inayosahaulika ingawa kila mtu anaitumia kila anapotuma hela: menyu ya nyota na reli. Sianzi na bei wala uzuri wa skrini. Naanza na miradi miwili, kwa sababu jibu hubadilika kabisa ukishajua nani atakishika hicho kitu mkononi.

Mradi wa kwanza tuseme uko Moshi. Mkulima wa Kibosho au Uru anapeleka kahawa yake ya maganda kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inapimwa, karani anaandika kilo kwenye stakabadhi, mkulima anapata malipo ya awali. Kahawa ikishauzwa mnadani, yanakuja malipo ya pili. Katikati hapo mzee ana maswali matatu tu: nimepeleka kilo ngapi, nimelipwa kiasi gani, bado nadai nini. Simu yake ni kiswaswadu. Karani ana simu janja, lakini ni yake binafsi, na kazi yenyewe anaifanya kwenye daftari kubwa.

Mradi wa pili uko Arusha. Kampuni ndogo ya utalii inataka madereva waongozaji wake waone ratiba kwenye simu: mgeni gani anapokelewa uwanja wa ndege wa KIA saa ngapi, analala wapi leo, nani hali nyama, nani ana mzio wa karanga. Dereva ana simu nzuri kuliko yako, anajua kuitumia, ila yuko kwenye Land Cruiser, barabara ina mawimbi, na ukishapita geti la hifadhi mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka.

Ukimpa kila mmoja prototaipu ya aina moja, mmoja wao utakuwa umemwonea.

Karatasi

Hii naipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ndiyo isiyofundishwa vizuri. Unanunua manila mbili na maka peni stesheneri, pesa yenyewe haifiki nauli ya kwenda Moshi na kurudi. Unakata vipande vya ukubwa wa simu, kila kipande ni skrini moja. Kibodi unaichora kwenye kipande chake peke yake ili iweze kuwekwa juu ya skrini yoyote. Ujumbe wa kosa nao una kipande chake kidogo, na menyu inayoshuka nayo vivyo hivyo. Ukitaka mtu aandike kweli, funika skrini na plastiki ya laminesheni, mpe maka peni inayofutika.

Siku ya kujaribu mnagawana kazi. Mmoja ni kompyuta: hasemi neno, anasubiri mtumiaji aguse, kisha anabadilisha kipande. Mmoja anaongea na mtumiaji. Mmoja anaandika yanayotokea, na anaandika alichokifanya mtu, si anachofikiri yeye kuhusu mtu huyo.

Sasa mkalishe karani wa AMCOS. Mwambie: "Mama, amekuja mkulima na gunia moja, mizani imesoma 43.5. Ingiza." Anaangalia kibodi ya namba uliyoichora. Anauliza, "Nukta iko wapi?" Haipo. Unachukua kalamu, unaichora pale chini kulia, mnaendelea. Anaingiza 43.5, halafu anasita. "Na gunia lenyewe nalitoa wapi?" Kumbe kwenye daftari lake kuna uzito wa mzani, kuna uzito wa gunia tupu, na kinacholipwa ni tofauti yake. Wewe ulichora sehemu moja tu ya kilo. Mfumo wako ungeanza kazi siku hiyo, kila mkulima angelipwa na gunia lake, au karani angekuwa anatoa kichwani na kukosea.

Kosa la namna hiyo karatasi hulikamata kwa gharama ya kipande cha manila. Lingekutwa kwenye programu, maana yake ni kubadili jedwali la hifadhidata, fomu, ripoti na stakabadhi, wiki mbili kabla ya kusimama mbele ya paneli inayotathmini miradi.

Watu huuliza kama karatasi "inatosha kitaaluma". Mwaka 1996 Robert Virzi na wenzake walilinganisha prototaipu duni na prototaipu iliyokaribia bidhaa yenyewe, wakakuta kwamba matatizo yanayogunduliwa yanafanana kwa kiasi kikubwa. Ukihitaji kitu cha kuandika kwenye sura ya mbinu, hicho kipo. Kuna jaribio jingine la mwaka 2006, la Maryam Tohidi, Bill Buxton na wenzao, ambalo mimi nalipenda zaidi: watu walioonyeshwa muundo mmoja tu waliusifia, lakini walioonyeshwa miundo mitatu ya kitu kilekile walikosoa zaidi na kutoa alama za chini. Hebu lifikirie hilo kwa hali ya kwetu. Mwanafunzi amekuja na heshima zake, kamwamkia mzee shikamoo, kamwonyesha skrini moja na kumuuliza, "Mzee, unaionaje?" Mzee atasema nini? Atasema nzuri, mwanangu, hongera. Adabu haimruhusu kusema vingine. Mpelekee tatu za kuchagua, hapo atakuambia kwa nini ile ya kati ni mbaya, na hatajisikia amekuvunja moyo. Kuchora tatu kwenye karatasi ni mchana mmoja. Kuziprogramu tatu hakuna atakayekubali.

Karatasi ina udhaifu wake, tena si mdogo. Haikuambii kama herufi zinasomeka juani. Haikuambii kama kidole gumba kinafika juu ya skrini. Kompyuta yenyewe ni mwenzako anayehangaika kutafuta kipande kwenye meza, kwa hiyo habari za kasi zisahau. Hauwezi kuituma Dodoma. Na wapo wazee watakaoona mnawachezea, hasa mkijitokeza bila utambulisho. Pitieni kwa katibu au mwenyekiti wa chama kwanza, na sentensi ya kwanza iwe hii: hatukupimi wewe mzee, tunazipima hizi karatasi.

Menyu ya nyota na reli

Mkulima wa Kibosho mwenye kiswaswadu hatafungua apu yako hata ukiipamba vipi. Anachokijua kwa vidole ni nyota 150 nyota 00 reli ya M-Pesa. Ajabu ni kwamba wanafunzi wengi, ambao wenyewe wanapiga menyu hiyo kila siku, hawaihesabu kama kitu kinachosanifiwa. Inasanifiwa, tena kwa ugumu, kwa sababu skrini nzima ya USSD, ndilo jina la menyu hizi, hubeba herufi 182 tu, nafasi na nukta zikiwemo. Jaribu kuandika humo kilo, tarehe, malipo ya awali, deni na "0. Rudi", uone.

Prototaipu ya menyu hii unaweza kuifanya kwa namna tatu. Ya kwanza ni karatasi tena, vipande vidogo, ila hesabu herufi kwa kila kipande kabla hujatoka nyumbani. Ya pili ni simuleta ya Africa's Talking, ambayo ina mazingira ya majaribio ya bure: unaandika programu fupi, unaipiga kwenye simu ya kuigiza iliyoko kwenye kompyuta. Inafaa kuonyesha paneli. Kwa mzee haifai sana, kwa sababu unamtoa kwenye simu yake unampeleka kwenye laptopu.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa mradi wa Moshi, na haihitaji kuprogramu hata mstari mmoja. Mzee anabaki na simu yake. Mwenzenu anakaa chumba cha pili na simu nyingine na karatasi yenye menyu zote. Mzee anatuma SMS yenye neno "kahawa". Mwenzenu anajibu na menyu ya kwanza. Mzee anatuma 2. Mwenzenu anajibu na menyu inayofuata. Mzee anaamini anaongea na mtambo, na ninyi mnaona wapi anasita, wapi anatuma neno badala ya namba, wapi anampigia simu kijana wake kuuliza. Mbinu hii ya mtu kujificha nyuma ya mtambo si uchakachuaji; John Kelley aliitumia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kujaribu programu iliyoelewa Kiingereza cha kawaida kabla programu yenyewe haijakamilika, na mpaka leo inafundishwa vyuoni. Sharti ni kwamba mkimaliza mnamwambia ukweli, na mnamwomba ruhusa upya ya kutumia mliyoyaandika. Wengi hucheka.

Ila kumbuka SMS si USSD. Ujumbe wa SMS unabaki kwenye simu. Menyu ya USSD ikipotea imepotea, na ukichelewa kikao kinakatika. Mzee akiinuka kutafuta miwani, menyu halisi haimsubiri. Kwa hiyo mpe mwenzako aliyejificha saa, mkubaliane mzee akichelewa kupita muda fulani atumiwe "Muda umeisha, anza upya". Ni ukatili kidogo, lakini ndivyo itakavyokuwa.

Hapa pana hadithi ambayo kila anayesoma fani hii Afrika Mashariki anatakiwa kuijua. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo warudishe marejesho yao kwa simu. Kwenye majaribio watu walianza kuitumia kwa mambo yao, wakitumiana hela wao kwa wao. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kilichouzwa ndicho hicho cha kutumiana hela, na mwaka uliofuata huduma ikafika Tanzania. Wangetegemea mchoro waliokubaliana ofisini bila kuwatazama watu, pengine leo ingekuwa njia ya kulipia mikopo tu.

Namba halisi ya USSD msiifuate kwa ajili ya mradi wa chuo. Inapitia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na makampuni ya simu, ina gharama, na paneli haitawasubiri.

Figma

Kwa mradi wa dereva mwongozaji mambo yanageuka. Huyu mtu anatumia apu za kisasa siku nzima, na ukimpa manila atakuona hujajipanga. Ratiba yake ina rangi, alama, ramani, orodha ndefu ya kusogeza kwa kidole. Hapa Figma inastahili sifa zake.

Figma ilifunguliwa kwa umma mwaka 2016, na kilichowavuta watu ni kwamba inafanya kazi ndani ya kivinjari na mnaweza kuchora faili moja watu wanne kwa pamoja, kila mmoja akiona kidole cha mwenzake. Kwa kundi ambalo mmoja anakaa Sakina, mwingine Usa River na mwingine karudi kwao Same likizo, hilo ni jambo kubwa. Msimamizi anawekewa kiungo, anaacha maoni juu ya skrini yenyewe badala ya kuwaita ofisini. Dereva anatumiwa kiungo hichohicho, anaifungua kwenye simu yake, anabofya, inamwitikia karibu kama apu. Wanafunzi wanaweza kuomba akaunti ya elimu bila malipo. Na kwenye matangazo ya kazi za usanifu wa kiolesura jina hili ndilo linalotajwa. Adobe ilikubali kuinunua kwa dola bilioni 20 mwaka 2022, biashara ikavunjika Desemba 2023 baada ya wasimamizi wa ushindani Ulaya na Uingereza kuweka ngumu. Kampuni kubwa haitoi ahadi ya pesa hiyo kwa kitu cha kupita.

Sasa upande wa pili. Faili liko mtandaoni, kwa hiyo bando linaliwa. Bumu likichelewa, kazi imesimama. Laptopu ya RAM ya GB 4 iliyofungua Figma, YouTube na WhatsApp kwa pamoja itakuonyesha feni inavyolia. Siku ya kumjaribu dereva usitegemee mtandao wa mahali mnapokutana; fungua prototaipu mapema kwenye simu utakayomkabidhi, zunguka skrini zote, ndipo umpe.

Lipo na tatizo la ndani zaidi. Sehemu ya kuandikia kwenye prototaipu ya kawaida ya Figma ni picha. Mtu anaigusa, kibodi uliyoichora inatokea, maneno uliyoyatunga wewe yanajaa. Hakuandika kitu. Kama swali lako ni "je, dereva ataweza kuandika taarifa ya pancha bila kukosea?", Figma haitakujibu, itakufurahisha tu.

Halafu kuna suala la majina. Fungua kazi nyingi za wanafunzi: wageni wote wana majina mafupi ya Kiingereza, wanafika saa nne kamili, hawana mzio, na ratiba haijabadilika. Dunia gani hiyo? Weka familia ya Wajerumani ya watu sita yenye jina linalovuka mstari, mmoja hali nyama, ndege imechelewa, na hoteli ya usiku wa pili imebadilishwa saa moja iliyopita. Skrini yako nzuri itavurugika hapohapo, na ndiyo maana ya kuijaribu. Muombe msimamizi wa ratiba kwenye kampuni akupe mfano wa ratiba halisi iliyofutwa majina na namba za pasipoti.

Kama bando ni tatizo la kudumu, usidharau PowerPoint. Kila slaidi skrini moja, kila kitufe kina kiungo cha kwenda slaidi nyingine, inafanya kazi bila mtandao. Haina mvuto wa kuweka kwenye wasifu wako wa kazi, lakini mtumiaji hajali. Wanaopenda programu huria wanayo Penpot, inayofanana na Figma kwa mengi na unaweza kuisimika kwenye seva yenu wenyewe ya maabara, mkaitumia ndani ya mtandao wa chuo.

Programu inayotembea

Kuna maswali ambayo hayajibiwi mpaka kitu kitembee kweli. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Kontrol namba ya malipo ya serikali ina tarakimu 12. Je, mtu anaziandika akiangalia kadi, au anazibandika kutoka kwenye ujumbe? Ukimgawia nafasi kama zilivyo kwenye kadi, makosa yanapungua au anachanganyikiwa? Akibandika namba yenye vistari, fomu yako inaikubali au inamfokea? Hapo unahitaji ukurasa wa HTML wenye sehemu halisi ya kuandikia na JavaScript kidogo ya kuhesabu sekunde na makosa. Ukurasa mmoja. Huhitaji seva, huhitaji hifadhidata, unaupakia kwenye simu ya mtumiaji na unafunguka bila mtandao.

Kwa dereva wetu, swali la mtandao ndilo roho ya mradi. Ratiba ikibadilishwa ofisini wakati yeye yuko ndani ya hifadhi, skrini yake inaonyesha nini? Ile ya zamani bila kusema kitu? Ile ya zamani na maneno "ilisasishwa mara ya mwisho saa 3:10 asubuhi"? Figma inaweza kuichora hali hiyo, lakini haiwezi kumfanya dereva aiishi. Ukurasa wa HTML unaohifadhi ratiba kwenye simu unaweza: unawasha hali ya ndegeni, unamtazama anafanya nini. Na vitufe vyenyewe: Google inashauri sehemu ya kugusa isipungue dp 48, kama milimita 9 hivi, na huo ni ushauri wa mtu aliyetulia. Mpe simu akiwa kiti cha abiria kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, uone anakosa vingapi. Akiwa anaendesha usimpe kabisa.

Ubaya wa programu si muda tu. Ni kwamba ukishaandika mistari elfu mbili huwezi tena kusikia. Mtumiaji anasema hajaelewa, wewe unamwelewesha. Anasema kitufe hakionekani, wewe unamwonyesha. Mwisho wa siku umefanya mafunzo ya mfumo wala hukufanya jaribio. Nimeona makundi mengi yakiharibikiwa hapa kuliko penginepo, na mara zote aliyekuwa hodari zaidi wa kuprogramu ndiye aliyekuwa mgumu zaidi wa kubadilisha. Upande wa vifaa nako, Android Studio yenyewe inataka RAM isiyopungua GB 8, kwa hiyo nusu ya darasa inatolewa nje kabla ya kuanza.

Wa vifaa vya kushikika, kama walio Chuo cha Ufundi Arusha au wanaofanya mifumo ya kupachikwa pale chuo cha Nelson Mandela, mna njia yenu: boksi la kadibodi kwanza, Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki ya kuprogramu, baadaye. Arduino yenyewe ilizaliwa mwaka 2005 kwenye chuo cha usanifu wa mwingiliano kule Ivrea, Italia, ili wanafunzi wasio wahandisi waweze kutengeneza prototaipu. Na Jeff Hawkins, kabla kompyuta yake ya mfukoni ya Pilot, iliyokuja kuitwa PalmPilot, haijatoka mwaka 1996, alitembea na kipande cha mbao mfukoni, akikitoa na kujifanya anaandika miadi, ajue tu kama ukubwa ule unabebeka. Mbao za kukata mnazo.

Uwajaribu wangapi, na paneli itasema nini

Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba mtu mmoja hugundua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo, na kwa hesabu hiyo watu watano wanafikisha kama asilimia 85. Wengi huishia hapo, wakasahau mambo mawili. Watano ni wa kundi moja. Makarani na wakulima ni makundi mawili, usiwachanganye kwenye hesabu. Na faida ya watano ni kurudia: watano, unarekebisha, watano wengine. Kumi na watano kwa mpigo mmoja ni kupoteza nauli ya kupanda Kibosho. Wanafunzi wenzako wa bwenini hawahesabiki, hata wakiwa hamsini.

Paneli nyingi zinapenda kuona kitu kinatembea, tusidanganyane. Aliyekuja na manila peke yake ataulizwa maswali magumu. Dawa yake ni kuonyesha safari: picha ya kipande cha kwanza kisichokuwa na nukta wala sehemu ya gunia tupu, picha ya kipande kilichorekebishwa kwa kalamu, kisha skrini ya programu ilivyo leo. Pembeni weka jedwali la matatizo: kilichotokea, kwa watumiaji wangapi, kilirekebishwaje. Ukiwa na jedwali hilo, mjumbe akiuliza "kwa nini kuna sehemu mbili za uzito?" unamjibu kwa ushahidi. Dodoso la SUS, lile la John Brooke la maswali 10 ya kupima urahisi wa kutumia mfumo, lina nafasi yake mwishoni kwenye programu inayotembea, ambapo alama 68 huchukuliwa kuwa ya kati. Kulitoa kwa watu watano waliogusa karatasi ni kujaza kurasa.

Ruhusa za watumiaji zikusanywe kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya stakabadhi ya mkulima yenye jina, namba ya simu na kiasi alicholipwa si kitu cha kuweka kwenye slaidi.

Kwa hiyo, nani achague nini

Mradi unaofanana na ule wa Moshi: karatasi kwa karani, SMS ya mtu aliyejificha kwa mkulima, kisha moja kwa moja kwenye programu na simuleta. Figma irukeni. Mkilazimishwa na msimamizi, chora skrini ya karani peke yake.

Mradi unaofanana na ule wa Arusha: karatasi mchana mmoja, miundo mitatu, ndani ya kundi lenu na dereva mmoja mvumilivu. Halafu Figma, hapo ndipo muda wenu mwingi uende. Halafu ukurasa mdogo wa HTML kwa swali la mtandao tu, si kwa mfumo mzima.

Ukiwa peke yako na laptopu ya kuazima, karatasi na PowerPoint vinatosha mpaka hatua ya programu. Ukiwa unataka kuajiriwa kama msanifu wa kiolesura, Figma ijue vizuri hata kama mradi wako haukuihitaji, ila kwenye wasifu wako weka na picha za karatasi. Anayeajiri anataka kuona ulivyofikiri, skrini nzuri ameshaziona nyingi.

Na kwenye kundi la watu watatu au wanne, aliyechora skrini asiwe yeye anayeongea na mtumiaji. Atajieleza, atatetea, atamwongoza mkono. Mpeni kazi ya kuwa kompyuta, maana kompyuta hairuhusiwi kusema.